Maktaba Zisiufungie Mchezo Mlango

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa na mgeni nyumbani. Dada yangu alimleta mwanawe wa kiume, kijana wa miaka kumi na mitatu, kwa matumaini kwamba kukaa na mjomba aliye mwalimu wa chuo kikuu kungemwambukiza mapenzi ya vitabu. Siku tatu za kwanza hakushika kitabu hata kimoja. Alishika tarakilishi yangu kuukuu, akainamia kioo chake tangu kifungua kinywa hadi adhuhuri, nami nikaanza kuyatunga maneno ambayo ningemwambia mamake kwa simu.

Siku ya nne nilisimama nyuma ya kiti chake nione ni kitu gani hasa kilichomteka. Alikuwa akijenga. Ndani ya mchezo uitwao Minecraft, ambamo kila kitu, kuanzia mlima hadi mkate, hutengenezwa kwa michemraba, alikuwa ameazimia kuisimamisha upya Ngome ya Yesu ya Mombasa. Kuta mbili zilikuwa zimekwisha. Ya tatu ilikuwa imemshinda, naye alinigeukia na kunimiminia maswali ambayo mimi, pamoja na shahada zangu zote, sikuwa na majibu yake. Je, ngome ilizungukwa na handaki pande zote? Handaki lenyewe lilikuwa na maji au lilikuwa kavu? Ndani ya kuta mlikuwa na nini Wareno walipokuwa wangali humo? Aliwahi kufika pale na wanafunzi wenzake katika ziara ya shule, lakini, kama alivyokiri mwenyewe, "nilikuwa nikitazama mizinga tu, mjomba."

Nikaona mlango umefunguka. Tulivaa viatu tukaenda kwenye maktaba ya umma iliyo karibu, mimi nikitembea kwa madaha ya mtu aliyeshinda vita bila ya kupigana. Kijana alimwendea mhudumu aliyekuwa zamu na kumweleza, kwa adabu na kwa ukweli mtupu, kwamba alitaka kitabu chenye ramani ya Ngome ya Yesu kwa sababu alikuwa akiijenga katika mchezo wa tarakilishi. Bwana yule alimtazama, akanitazama, kisha akasonta karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya tarakilishi nne za maktaba. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba michezo hairuhusiwi. "Hapa ni pa wasomaji," alisema, "si pa wachezaji."

Kijana hakubishana. Alitoka nje akanisubiri kwenye ngazi.

Simlaumu sana yule bwana, maana alikuwa akitekeleza kanuni ambayo hakuitunga, na zaidi ya hayo alikuwa akisema kwa lugha ambayo sote twaisema. Katika Kiswahili neno mchezo limebebeshwa mzigo mzito wa dharau. Asiyekuwa na bidii huambiwa anafanya mchezo. Jambo zito husemwa kwamba si mchezo. Anayepoteza mshahara wake katika upatu wa vibandani husemwa kuwa anacheza kamari. Lakini neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa mchezo wa kuigiza, ambao mwanafunzi wa sekondari hulazimika kuusoma na kuutahiniwa, na hakuna mzazi anayelalamika kwamba mwanawe anachezacheza na tamthilia. Ni wazi basi kwamba ugomvi wetu na mchezo hautokani na uchezaji wenyewe. Twagombana na mchezo tusiouelewa.

Wala maktaba zetu hazina fahari ya kuzilinda dhidi ya wachezaji. Ingia katika maktaba yoyote ya umma ya nchi hii mwezi wa Oktoba. Utakuta viti vimejaa, tena watu wengine wamesimama wakingoja nafasi, na moyo wako utafurahi. Kisha tazama juu ya meza. Vitabu vilivyofunuliwa si vya maktaba. Ni madaftari na vitabu vya kiada ambavyo wanafunzi wamekuja navyo mikobani, kwa kuwa nyumbani hakuna taa au hakuna utulivu. Wamefuata meza na kimya. Rafu nyuma yao zimesimama kama mashahidi wasioitwa kutoa ushahidi. Jambo hili limekuwapo tangu nilipokuwa mwanafunzi mwenyewe, na sidhani kwamba kuna mkutubi asiyelijua. Swali linalowakabili wakutubi ni namna ya kumpa mtu sababu ya kunyoosha mkono wake hadi kwenye rafu. Mpwa wangu alikuja na sababu hiyo mfukoni, nasi tukamrudisha.

Yafaa tuulize, kabla ya kwenda mbele, huu unaoitwa ulimwengu pepe ni kitu gani. Istilahi yenyewe ina utani ndani yake, na sijui kama walioiasisi waliukusudia. Mkulima wa mpunga hulijua neno pepe tangu zamani: ni ile punje ambayo nje ina ganda zuri lakini ndani haina kiini. Kwa hivyo anayesema ulimwengu pepe, mkulima husikia ulimwengu wa makapi. Hata hivyo Waswahili ni watu wa mwisho ambao wangepaswa kuubeza ulimwengu usioshikika kwa mkono. Kumbuka vitendawili vya utotoni. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira huitikia "Tega!" Wakishindwa kukitegua, hudaiwa: "Nipeni mji." Hapo hupewa Mombasa, au Lamu, au Kisumu. Mtegaji huupokea mji wote kwa maneno matupu, huingia humo, huwasimulia wenzake aliyoyaona sokoni na aliyopikiwa na wenyeji, ndipo hatimaye awape jibu. Huo ni ulimwengu pepe kamili. Una mahali, una wakazi, una kanuni, na una bei ya kuingilia. Jambo la kuzingatia ni kwamba bei yenyewe ni ujinga wako: mji unatolewa kwa sababu kuna kitu ambacho hukukijua, na safari ya mjini haimaliziki mpaka ukijue.

Ukiichunguza historia ya ulimwengu pepe wa tarakilishi utaona kwamba nayo ilianzia kwenye maneno. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, ambayo baadaye mwenzake Richard Bartle aliiendeleza. Watu kadhaa waliweza kuingia humo kwa wakati mmoja, wakakutana, wakasemezana, wakapigana na kusaidiana. Hapakuwa na picha hata moja. Mchezaji aliandikiwa kwamba amesimama kwenye njia nyembamba, naye akajibu kwa kuandika aende upande gani na aokote nini. Asiyesoma kwa makini aliangamia. Mimi kama mwanaisimu hufurahi kila ninapokumbuka kwamba mzazi wa michezo yote hii ya mtandaoni, ambayo leo inalaumiwa kwa kuua usomaji, ilikuwa haichezeki ila kwa kusoma.

Picha zilikuja, na fedha zikafuata. Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilizindua Second Life, ulimwengu ambamo kila anayeingia huwa na kijisanamu chake kinachotembea, kuzungumza na hata kupaa, na ambamo ardhi hununuliwa na kulipiwa kodi kwa fedha za kweli. Miaka mitatu baadaye muungano wa maktaba wa jimbo la Illinois, Alliance Library System, ulianzisha maktaba humo pamoja na washirika wake, katika kisiwa walichokiita Info Island. Wakutubi wa nchi mbalimbali walijitolea kukaa zamu nyuma ya meza isiyokuwapo, wakijibu maswali ya wageni waliotoka kila pembe ya dunia. Maktaba nyingine na vyuo vikafuata, visiwa vikaongezeka, na kwa muda ikaonekana kwamba mkutubi asiyekuwa na kijisanamu amepitwa na wakati.

Nimeusoma mkasa huo kwa makini kwa kuwa una mafunzo kwetu. Wengi wa waliojenga humo walijenga kile walichokizoea. Waliweka paa mahali ambapo mvua hainyeshi, wakaweka ngazi kwa watu wanaopaa, wakapanga rafu ndefu za vitabu ambavyo, ukivigusa, vilikupeleka kwenye ukurasa wa mtandao ambao ungeweza kuufikia nyumbani bila ya safari ile yote. Maktaba pepe iligeuka kuwa picha ya jengo. Walichokisahau ni kwamba mtu haendi maktaba kutazama rafu, hata kama rafu zenyewe ni za dhahabu. Huenda kwa sababu ana jambo linalomwasha.

Funzo la pili ni la kiuchumi, nalo ni chungu zaidi. Mwaka 2010 kampuni ilitangaza kwamba nafuu ya nusu bei iliyokuwa ikiwapa wahisani na taasisi za elimu ingekoma Januari 2011. Waliokuwa wamejenga kwa miaka walijikuta kama mpangaji ambaye mwenye nyumba amebisha hodi asubuhi moja na kuongeza kodi maradufu. Wengi walihama. Nafuu hiyo ilirudishwa mwaka 2013, lakini aliyekwisha kubomoa hajengi tena kwa urahisi. Kikundi cha wakutubi wa kujitolea kiliendelea na kazi humo hata baada ya shamrashamra kwisha, nami nawavulia kofia, ila nchi yenye bajeti kama yetu haina budi kujihadhari kuhifadhi mali yake ya kielimu katika kiwanja cha mtu mwingine.

Linganisha hayo na maktaba nyingine isiyoshikika, iliyozinduliwa tarehe 12 Machi 2020 ndani ya mchezo ule ule aliokuwa akiucheza mpwa wangu. Shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka lilijenga humo jumba kubwa, likaweka ndani makala zilizopigwa marufuku katika nchi za Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam, miongoni mwazo zikiwa za marehemu Jamal Khashoggi. Kurasa za mtandao za baadhi ya waandishi hao zilikuwa zimefungwa katika nchi zao, lakini mchezo haukuwa umefungwa. Kijana aliyeingia kucheza aliweza kufunua kitabu kilichoundwa kwa mchezo na kusoma kile ambacho serikali yake haikutaka akisome. Jumba hilo nalo lina nguzo na kuba za majivuno, lakini lina sababu ya kuwa pale na si kwingineko. Tofauti ni hiyo tu, na ni kubwa.

Mtu aliyeyafikiria mambo haya kwa undani zaidi, kwa maoni yangu, ni mwanaisimu mwenzetu. James Paul Gee wa Marekani alitumia miaka mingi kuchunguza lugha na usomaji kabla ya kukaa chini na kucheza mchezo wa tarakilishi pamoja na mwanawe mdogo, na mwaka 2003 akachapisha kitabu kuhusu yale ambayo michezo hiyo yaweza kutufundisha juu ya ujifunzaji. Hoja yake moja ningependa kila mwalimu aitafakari. Anasema kwamba alipokisoma kijitabu cha maelezo ya mchezo fulani kabla ya kuucheza, hakuambulia kitu, ingawa kila neno alilijua. Baada ya kuucheza kwa saa kadhaa alikirudia, na kila sentensi ikawa wazi, kwa kuwa sasa maneno yalikuwa na mahali, vitendo na hasara nyuma yake. Kisha akatukumbusha kwamba vitabu vya kiada tunavyowapa watoto ni maelezo ya mchezo ambao hatujawaruhusu waucheze.

Nani asiyelijua jambo hilo katika bao? Mfundishe mtu kwa maneno maana ya kunamua, mtaji, kutakata, kichwa na kimbi, naye atakutazama kama anayesikiliza lugha ya ng'ambo. Mkalishe mbele ya ubao wenye mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, aliwe mara tatu mfululizo mbele ya watu, na jioni hiyo hiyo atayatumia maneno hayo yote bila ya kukosea hata moja. Hakuyakariri. Aliyahitaji.

Sasa nirudi kwenye ngazi za ile maktaba. Siku iliyofuata nilikwenda chuoni kwetu, nikaazima kitabu cha mwanaakiolojia James Kirkman kuhusu Ngome ya Yesu, kilichochapishwa mwaka 1974, nikampa kijana. Kiingereza chake ni kigumu, nami nilitaraji akiweke kando baada ya picha. Alikaa nacho siku mbili. Aligundua kwamba ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, kwamba handaki lake ni kavu na lilichimbwa katika mwamba wa matumbawe, na kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 kabla ya kuitwaa. Akabomoa ukuta mmoja aliokuwa ameujenga vibaya, akaanza upya.

Ndipo maneno yalipoanza kumsumbua. Zile pembe zinazochomoza ili walinzi waweze kuwalenga maadui walio chini ya ukuta zaitwaje kwa Kiswahili? Nilimwambia kwamba wazee walisema buruji, na kwamba neno hilo hilo ndilo linalotajwa na wapiga ramli wanaposoma nyota, maana asili yake ya Kiarabu ni mnara, na nyota zina minara yao mbinguni. Akacheka. Alipofika ndani ya ua na kukuta misingi ya kanisa la Wareno, nilimpa zawadi niliyokuwa nimeiweka. Neno gereza, nikamwambia, kwa kauli ya wanaisimu limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Wenyeji wa Mombasa waliiita ngome yote Gereza. Waingereza walipoigeuza kuwa jela mwaka 1895, kazi mpya ya jengo ikaliteka jina la zamani, na leo Mswahili anayetaja gereza hafikirii ibada hata kidogo. Kwa miaka mingi nimelieleza jambo hilo katika mihadhara ya isimu historia, na wanafunzi wameliandika daftarini bila ya kuinua macho. Kijana huyu aliliacha kaa lake la kazi, akauliza: "Kwa hiyo watu walifungwa kanisani?" Sijapata kuulizwa swali bora kuliko hilo darasani.

Msomaji aweza kusema kwamba nasimulia habari ya mtoto mmoja mwenye mjomba mwenye kadi ya maktaba ya chuo. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Kazi niliyoifanya mimi kwa bahati ni kazi ambayo maktaba ingeifanya kwa utaratibu. Mei 2011 Maktaba ya Umma ya New York, ilipotimiza miaka mia moja ya jengo lake kuu, iliwafungia watu 500 ndani usiku kucha, ikawapa mchezo uliobuniwa na Jane McGonigal. Kwa kutumia simu zao wachezaji walitumwa kuvitafuta vitu mia moja vya thamani vilivyo katika hazina ya maktaba, mojawapo ikiwa nakala ya Azimio la Uhuru wa Marekani kwa mwandiko wa Thomas Jefferson. Kila aliyekipata kitu alipaswa kuandika insha fupi iliyochochewa nacho. Kulipopambazuka insha zilijalidiwa kuwa kitabu kimoja, na kitabu hicho kikawekwa katika maktaba. Hapo mchezo ulianza na rafu na kuishia kwenye rafu.

Sisi nasi hatukosi hazina. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo Mwafrika hakuwa na haki ya kuitumia hadi baraza la jiji lilipoichukua mwaka 1962, ina magazeti ya zamani ambayo kijana wa leo hajui kama yapo. Fikiria mchezo unaomtuma mwanafunzi wa kidato cha pili kuitafuta bei ya unga katika gazeti la mwaka aliozaliwa nyanyake, kisha aandike barua ya mpishi wa zama hizo kwa Kiswahili cha zama hizo. Hauhitaji miwani ya gharama wala kisiwa cha kukodi. Kuna programu ya bure iitwayo Twine, iliyobuniwa na Chris Klimas mwaka 2009, ambayo kwayo mwalimu asiyejua uprogramu aweza kutunga hadithi yenye njia panda: msomaji akichagua hivi aenda huku, akichagua vile aenda kule. Hadithi ikikamilika huwa faili moja ndogo inayofunguka katika tarakilishi yoyote hata kama hakuna mtandao. Ni MUD ya mwaka 1978 iliyorudi kwa mlango wa nyuma, maneno matupu, na maneno hayo yaweza kuwa ya Kiswahili sanifu, Kimvita au Kiamu bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Darasa likizitunga hadithi kumi kama hizo na maktaba ikazihifadhi, maktaba itakuwa imepata vitabu kumi ambavyo hakuna mchapishaji angevichapisha.

Wala tusidhani kwamba hata michezo ya picha ni ya matajiri peke yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako hapa Gigiri, lilishirikiana mwaka 2012 na watengenezaji wa Minecraft katika mpango wa kuwawezesha wakazi wa mitaa maskini kuzichora upya sehemu zao za wazi kwa kutumia mchezo huo, na miongoni mwa mahali pa kwanza palikuwa Kibera. Watu ambao hawangeweza kuusoma mchoro wa msanifu waliweza kuusogeza mchemraba, wakasema taa ikae hapa na uzio upite pale. Mbona maktaba ya kaunti isifanye vivyo hivyo na uwanja wa soko au na shule inayotaka kujengwa?

Yapo mambo yanayonitia hofu, nami sitayaficha. La kwanza ni kamari. Katika nchi ambamo vijana wengi hukesha wakitazama namba zikipanda kwenye simu, huku karo ikiteketea, maktaba itakayofungua mlango kwa michezo ya mtandaoni sharti iweke mpaka ulio wazi kati ya mchezo wa fikira na mtego wa pesa, na mhudumu ajue kuutofautisha. La pili ni wageni wasiojulikana wanaozungumza na watoto humo. Dawa yake ni kucheza pamoja chumba kimoja bila ya kuunganishwa na ulimwengu wa nje. La tatu lanihusu zaidi kitaaluma. Mpwa wangu aliijenga ngome ya Mombasa kwa Kiingereza. Kila jiwe alilolishika, kila chombo na kila amri, vilikuja na jina la kigeni, na ndiyo maana aliniuliza buruji zaitwaje. Hakuna mahali katika mchezo palipomwambia. Tukiwaachia watoto michezo bila ya mtu wa kuwapa maneno, tutakuwa tumewapa mji wa Mombasa usio na Kiswahili. Mkutubi anayeketi kando ya mchezaji akiwa na kamusi mkononi ana kazi ambayo mashine haijaifanya.

Na kuna hofu ya nne, ndogo lakini ya kweli: michezo mingi ni ya kijinga. Kwa hakika ni mingi sana. Lakini na vitabu vingi ni vya kijinga, na maktaba haijapata kuvifungia nje vitabu vyote kwa sababu hiyo. Iliajiri watu wa kuchagua.

Katiba ya mwaka 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, na bado zipo kaunti ambako jambo hilo hutajwa tu wakati wa bajeti, tena kwa haraka. Lakini Idara ya Maktaba za Taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyowapakia ngamia vitabu mwaka 1996 ikawatuma kwa watoto wa wafugaji wa Garissa, jambo ambalo wakati ule watu wengi waliliona kuwa ni kichekesho. Waliofikiria kwamba kitabu chaweza kupanda ngamia wasishindwe kufikiria kwamba swali laweza kutoka kwenye mchezo. Kuiondoa karatasi moja ukutani hakuhitaji fungu la bajeti. Badala yake mhudumu angebandika nyingine yenye maneno mawili tu: Unajenga nini?

Kijana amerudi kwao. Ngome yake ina handaki sasa, na kanisa ndani ya ua, na ubao mdogo mlangoni alioandika GEREZA. Kitabu cha Kirkman alikwenda nacho, kwa kuwa hakuwa amefika sura ya mizinga. Tarehe ya kukirudisha chuoni imekwisha kupita, na kila wiki maktaba yetu hunitumia barua ya kunikumbusha faini.